Aliyepasuliwa ni Jiwe

Jumatatu, 9 Machi
Nimemkosea mke wangu. Naandika hapa kwanza, maana mdomo umegoma. Nilikuwa na jiwe kwenye figo ya kushoto. Daktari alisema watapasua. Nikamwambia mke watapasua. Akalia. Kumbe kinachopasuliwa ni jiwe! Kikamera chembamba kikapanda kwa njia ya mkojo, miale ya leza ikalisaga, basi. Tumboni hakuna hata mkwaruzo. Wameniacha na mpira mwembamba ndani, utatolewa wiki ijayo. Nilitaka kusema ukweli nilipofika nyumbani. Lakini mke kaniletea uji kitandani, kaniita "mgonjwa wangu". Nani angekataa? Nikajifunga bandeji.

Jumanne, 10
Shemeji, kaka yake mke wangu, kaja kunijulia hali. Naye alitolewa jiwe zamani, kwa kisu hasa. Kovu lake huwaonyesha hata wauza mkaa. Akavua shati. Akauliza langu lina urefu gani. Nikamwambia la kwake ni mkwaruzo wa paka. Akaondoka kanywea. Raha iliyoje!

Jumatano, 11
Balaa. Mke kasema haendi harusi ya mdogo wake Jumamosi. Atamwachaje mtu aliyepasuliwa? Nimemsikia jikoni akimpa taarifa kwenye simu, sauti inakatika. Yeye ndiye wa kusimama na bibi harusi! Gauni limetundikwa mlangoni, linanitazama. Nikasema nimepona, nikaruka kutoka kitandani kumthibitishia. Ule mpira ukanichoma, nikapiga yowe. Sasa ndiyo haendi kabisa.

Alhamisi, 12
Nesi kapiga simu kukumbusha ninywe maji mengi. Mke kapokea. Akauliza kidonda kioshwe vipi. Nesi akauliza kidonda kipi.
Mke akaja na mkasi. Mpole. Hatari. Akakata bandeji: ngozi laini kama ya mtoto! Tena upande wa kulia. Akauliza jiwe si lilikuwa kushoto? Nikasema lilihama. Shemeji, aliyekuwa karudi kunijulia hali na kasimama mlangoni, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema kumbe aliyepasuliwa ni jiwe, bwana mkubwa yu salama salimini, apewe pole jiwe.
Mke hakucheka. Akasema nafasi yake kashapewa binamu, naye hana uso wa kuirudia. Kalala chumba cha watoto.

Ijumaa, 13
Kanipikia, hakuniita chochote. Afadhali angetukana.
Nimekata shauri. Kesho asubuhi, bibi harusi kabla hajavaa, nitakuwa mlangoni kwake. Nitasema mbele ya ndugu wote kwamba mwongo ni mimi, dada yake hana kosa, arudishiwe nafasi yake. Ukweli mtupu, bila chumvi.
Ila nimeazima mkongojo kwa jirani. Nitachechemea kidogo tu pale getini. Mtu anayechechemea hafukuzwi haraka.