Funguo za Wodi ya Wazazi

Jumatatu, 7 Machi 1983
Nimeripoti kazini, kituo cha afya njia ya kwenda kijiji cha Daa. Ukungu, baridi, tope. Muuguzi mkuu, Sista Katarina, kanipokea kwa tabasamu. Tabasamu la nini? Hanijui! Blandina, niliyehitimu naye uuguzi, kafika kabla yangu na tayari anajua chai inachemshiwa wapi. Sista kasema mmoja wetu ataongoza zamu ya wodi ya wazazi. Kisha kamtupia jicho Blandina. Nimeona!

Jumanne, 8 Machi
Uongozi hauombwi. Nimechukua funguo zote za wodi, nimezifunga mkandani. Nikitembea zinalia. Blandina kauliza kwa upole kama abaki na ule wa kabati la vifaa. Upole! Nimekataa.

Mchana nimemkuta na Sista wakinong'ona jikoni. Wakanyamaza, wakanipa chai. Sikuinywa. (Niliinywa baadaye, imepoa.)

Alhamisi, 10 Machi
Aibu. Nilijificha stoo ya mashuka nisikilize minong'ono yao. Mara Land Rover ikaleta mama Mmaasai aitwaye Nanyokie, kutoka kijiji cha Nainokanoka, uchungu umemshikia njiani. Muda si muda Blandina akapiga kelele, "Valeriani! Funguo za kabati! Mtoto katoka, halii!"

Nikajiambia: mtego huo. Nikatulia kati ya mablanketi.

Halafu nikamsikia Nanyokie akiuliza, polepole, mbona mtoto wake hasemi. Miguu ikaondoka yenyewe. Nimetoka mbio, shuka shingoni, nikajikwaa kwenye beseni, nikashindwa hata kuujua ufunguo wenyewe. Blandina kanipokonya rundo zima, kafungua, katoa mpira wa kuvutia ute, kamsafisha mtoto mdomo na pua, kamsugua mgongo. Kamsugua tena. Kisha mtoto akalia. Na mimi pia, ila niligeukia dirishani.

Ijumaa, 11 Machi
Sista kaniita. Kumbe jikoni Blandina alikuwa akiomba ruhusa anifundishe kazi taratibu, bila kuniaibisha, maana chuoni mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Sasa yeye ndiye kiongozi wa zamu. Mimi niko chini yake mpaka niweze kuzalisha. Nikaitikia, "Ndiyo, Sista."

Jumapili, 13 Machi
Nimewaza misa nzima. Nani humfundisha mpinzani wake bure? Huyu anataka kuchungulia ujuzi wangu! Kesho tunaanza. Nimeshajipanga: nitajifanya sijui kitu. Hatagundua kamwe.