Picha Arobaini na Moja za Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza rasmi kujifunza kupiga picha kwa kamera ya zamani, ya filamu. Mwalimu ni Fundi, mzee mwenye studio nyuma ya duka la viatu. Lengo ni moja: picha ya Mama. Ukutani, pembeni ya picha ya marehemu Baba, kuna msumari uliokaa bure mwaka wa tisa sasa. Mama hapigwi picha. Shemeji, mume wa dada yangu, alijaribu na simu yake ya bei mbaya. Mama akajifunika gazeti usoni.

Kwangu amekubali! Mara moja tu, kasema, na akifumba macho shauri yangu.

Fundi kaeleza mengi. Kila ukivuta filamu, tazama kile kigurudumu cha kushoto juu ya kamera. Kisipozunguka, filamu haijanasa. Niliitikia. Nilikuwa nawaza fremu.

Jumatano, 5 Machi
Nimempiga Mama! Gauni la kijani, saa nzima bila kununa. Na cha ajabu: filamu ni ya picha thelathini na sita, mimi nimepata arobaini na moja! Namba ya picha juu ya kamera ilipanda tu. Kigurudumu hakikunisumbua hata kidogo, kilitulia tuli. Wengine tumezaliwa na mkono mwepesi. Nikampigia Shemeji kumweleza. Kauliza kama nimehesabu vizuri. Wivu huo.

Jumamosi, 8 Machi
Tumesafisha filamu. Tupu! Mwanzo mpaka mwisho, hata ukucha wa Mama hamna. Fundi kasema ncha haikunasa, kwa hiyo filamu haikutoka ndani ya kopo lake. Alisema bila hasira. Hilo ndilo lililoniudhi. Kamera yenyewe kuukuu.

Mama nimemwambia Fundi kamwaga dawa. Akamwonea huruma, akamtumia salamu za pole, na kwa ajili yake kakubali kukaa tena. Salamu nikazifikisha. Fundi aliniangalia kitambo. Kisha akashukuru, akaiweka filamu ya pili kwa mkono wake.

Jumanne, 11 Machi
Jana Mama alikaa tena. Leo chumba cha giza, taa nyekundu, trei tatu za dawa. Karatasi nyeupe ndani ya trei ya kwanza, na taratibu Mama akatokea: nyusi, kisha macho, kisha ule mdomo wa kuzuia kicheko. Nilitaka kulia. Ni harufu ya dawa.

Trei ya tatu ndiyo inayoishika picha isiharibiwe na mwanga, kasema Fundi. Dakika tano, halafu maji mengi. Akatoka kumhudumia mteja. Dakika tano zote hizo za nini? Picha inaonekana! Shemeji alikuwa nyumbani kwa Mama na angeondoka saa kumi. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, mbio.

Nikaining'iniza kwenye msumari, jua la dirishani likiipiga sawasawa. Makofi! Chai haijapoa, mashavu ya Mama yakaanza kuingia wekundu. Kisha kahawia. Shemeji akauliza yule ni Mama au umeme umekatika. Hakuna aliyecheka, hata yeye. Mama aliishusha mwenyewe, akasema ndiyo maana hakutaka tangu mwanzo. Akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Nimejisikia vibaya sana. Jua kali mno mtaa ule.

Alhamisi, 13 Machi
Fundi kaja kwa Mama mwenyewe, na picha nyingine kutoka filamu ileile. Aliikalisha dakika tano kwa saa ya ukutani, na dakika tano juu yake. Mama kaitundika. Kasimama mbele yao wawili muda mrefu, akasema sasa Baba yenu ana wa kuzungumza naye. Mimi ndiye niliyebonyeza, nikawakumbusha wote.

Jumapili, 16 Machi
Siku kubwa! Mama kaipenda picha hadi akawaita dada zake watatu wapigwe naye. Hawajakutana wote wanne miaka kumi na miwili. Fundi alijitolea kuniwekea filamu. Nikamwambia, kwa heshima, nimeshahitimu.

Wamekaa vizuri, wamecheka, wamelia kidogo. Mabasi yao yameondoka mchana huu, kila mmoja njia yake.

Na mkono wangu umezidi kuwa mwepesi! Namba imefika arobaini na nne, kigurudumu kimetulia tuli. Nimeshapigilia msumari mwingine.