Ombi la Kumhamishia Kamba Zamu ya Asubuhi

Ndugu Mwenyekiti, na kupitia kwako, ndugu wanachama wa zamu ya jioni mtakaosomewa barua hii mkiwa mmeketi juu ya mikeka yenu,

Natumaini inawakuta viungo vikiwa laini na mapigo ya moyo yakiwa yametulia. Yangu hayajatulia, na majibu mtakayonipa ndiyo yatakayoamua kama nabaki katika kikundi hiki cha mazoezi au naondoka.

Mtakumbuka kwamba ni mimi, mwalimu mstaafu wa lugha, niliyesimama katika mkutano mkuu nikapendekeza tuwe na ubao karibu na mlango wa ukumbi. Nilieleza, kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, kwamba haiku ni shairi la mistari mitatu, lenye silabi tano, kisha saba, kisha tano. Kwamba kila mwanachama ataandika juu ya mazoezi yake au filamu aipendayo. Na kwamba yeyote atakayesoma ana ruhusa ya kujibu chini yake. Hoja ilipita kwa makofi. Nakiri kwamba niliposema "kujibu" nilikuwa nafikiria pongezi. Sikumfikiria daktari wa meno, yule mama arukaye kamba bila kuchoka, ambaye sote twamwita Kamba.

Kwa heshima zote, namlalamikia kama ifuatavyo:

1. Shairi langu la kwanza lilikuwa hili, na sioni kosa lake:

Mwili ni chuma,
ngazi zote napanda
kama sinema.

Kabla vumbi la chaki halijanitoka mikononi, Kamba aliandika:

Chuma chahema,
ngazi ya tatu bado;
leteni kiti.

Ni kweli kwamba jioni ile nilisimama kidogo kwenye ngazi. Nilikuwa natazama mandhari. Kwamba ngazi zetu zina ukuta pande zote mbili ni suala la mjenzi, si langu.

2. Nikahamia kwenye filamu, nikidhani huko nitakuwa salama:

Shujaa wangu
avuka moto mbio,
nami nyumaye.

Jibu lake:

Nyuma ya bisi,
kochi limekumeza;
amka, babu.

Tangu siku hiyo hakuna anayeniita Mwalimu. "Babu, sogea tupite." "Babu, umeamka?" Nyumbani nina wajukuu wawili; hapa nimepewa ukumbi mzima bila kushauriwa.

3. Hili mnalijua, ila mnalijua vibaya. Mkufunzi wetu alinikuta nimelala chali mkekani, macho nimefumba, nikihesabu kwa sauti na kwa vidole: moja hadi tano, moja hadi saba, moja hadi tano tena. Akaamini kwamba ndio kwanza nimemaliza kuinua miguu awamu tatu. Akawaita vijana: "Hebu mwoneni Babu! Nyie mnalialia nini?" Mkapiga makofi. Mwenyekiti, nilikuwa natunga shairi. Sikuona ustaarabu wa kuwakatiza watu wazima makofi yao. Kamba peke yake hakupiga. Alikwenda ubaoni taratibu:

Hesabu nzuri;
jasho ni la vidole,
shati ni kavu.

4. Nilimfuata kliniki kwake ili kumkanya kwa adabu. Nilikuwa nimetayarisha hotuba yenye utangulizi. "Karibu, Babu, kaa hapo. Fungua mdomo. Zaidi. Zaidi, usiogope. Haya sasa, nakusikiliza." Nusu ya hotuba ilitoka kama mtu anayezama kisimani, nusu nyingine niliimeza pamoja na maji. Jino akalitengeneza vizuri mno, hivyo hata lalamiko hilo amenidhulumu.

5. Madhara yamefika nyumbani. Mama watoto hanisalimu tena ninaporudi. Hunipokea mlangoni na swali moja: "Enhe, Kamba kasemaje leo?" Nikimwambia, hucheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa nguo. Mimi nimemtungia mashairi tangu ujana wetu, Mwenyekiti, na hajawahi kucheka, hata kwa yale niliyokusudia yachekeshe.

6. La mwisho ndilo zito. Ili mama huyu akose la kuandika, nimelazimika kufanya mazoezi. Ya kweli. Sasa napanda ngazi zote pasipo haja ya mandhari. Suruali zangu nzuri za ualimu zimenikataa kiunoni kwa kupwaya, nami nimeutoboa mkanda tundu jipya kwa msumari. Nimelazimika hata kuitazama filamu yangu niipendayo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza, bila kusinzia, na nimegundua kwamba yule shujaa hafiki ng'ambo ya moto. Miaka yote hii nimekuwa nikijivunia kumfuata marehemu. Nani atanifidia?

Kwa sababu hizo, naomba Kamba ahamishiwe zamu ya asubuhi, akawajibu madereva na wauguzi, watu wenye mioyo migumu kuliko wangu. Ombi hili likikataliwa, mwisho wa mwezi nitakunja mkeka wangu na kurudi kwenye kochi, ambalo halijawahi kunijibu neno. Daktari wa moyo anasema kochi litaniua. Nimemweleza kwamba angalau litaniua kimyakimya.

Nisalimieni mkufunzi na mapafu yake, mlinzi wa mlango, akina mama wa mstari wa mbele, na wale wa mstari wa nyuma wanaocheka wakidhani sisikii.

Mwenzenu mnyonge,
Mwalimu

Baada ya sahihi: Barua hii niliiandika Jumapili iliyopita; leo nilikuwa njiani kukuletea nikakutana na mkufunzi. Ananiambia Kamba ameshahamia asubuhi kwa ombi lake mwenyewe, tangu Jumatatu. "Amesema mzee apumue kidogo." Kumbe ndiyo maana. Shairi langu la Jumatatu limekaa ubaoni wiki nzima peke yake. Watu hulisoma, husema "zuri sana, Mwalimu," hupita. Ndiyo, wameanza tena kuniita Mwalimu. Leo nimelisoma mwenyewe kwa makini: ni baya, Mwenyekiti, na hakuna hata mmoja wenu aliyejisumbua kuniambia. Mama watoto naye ameacha kuuliza. Kwa hiyo naomba barua hii isisomwe, isipokuwa salamu. Kamba arudishwe jioni. Ikishindikana, jina langu liandikwe asubuhi, ingawa tangu nistaafu sijaamka saa hiyo kwa hiari. Na yule anayefuta ubao mwambieni aiache ile nafasi iliyo chini ya shairi langu, ina mwenyewe.