Hotuba ya Baba wa Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Machi

Nimepinduliwa. Ndani ya sebule yangu mwenyewe! Kikao cha familia kimeamua kwamba Jumamosi, kwenye harusi ya binti yangu, atakayezungumza kwa niaba yetu si mimi baba mzazi. Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, muuza matairi. Mimi nafundisha uandishi chuoni tangu kichwa changu kikiwa na nywele zote. Yeye anajua nini? Kuziba pancha!

Nilidai sababu. Mke wangu akasema mdogo wake anajua kuchekesha, tena hasemi sana. Akakumbushia siku nilipotoa hotuba ya kumuaga kaka yangu alipostaafu kazi, eti watu walisinzia. Waliosinzia walikuja wamechoka. Sitabebeshwa uchovu wa watu.

Binti yangu aliangalia kucha zake tu. Hilo ndilo lililoniuma. Hotuba yangu naiandika tangu alipochumbiwa: kurasa kumi na saba, mistari imebanana. Sikubali. Ng'o!

Jumanne, 5 Machi

Baada ya kipindi nilipita dukani kwa Matairi (ndivyo nitakavyomwita humu, heshima ya shemeji imesitishwa). Nikamsikiliza akiongea na mteja, nikakunja uso kama daktari. Nikamwambia sauti yake ina mkwaruzo unaonitisha. Nikamshauri anyamaze wiki nzima, hasa Jumamosi.

Mpango safi kabisa. Ila akampigia dada yake simu! Mke wangu akachemsha tangawizi, akaimwagia asali yangu yote, ile niliyoificha nyuma ya kamusi, kisha akanituma mimi niipeleke. Kwa miguu. Chupa ikinivujia kwenye suruali. Matairi amekunywa na sasa anaimba.

Jumatano, 6 Machi

Mambo yamegeuka! Matairi kaja chuoni mwenyewe, kofia mkononi, anajikuna shingo. Anasema kuchekesha wateja ni kitu kimoja, kushika kipaza sauti ni kitu kingine.

"Shemeji, wewe ndiye mwenye kalamu," akasema. "Niandikie, hata kidogo tu."

Nilikubali haraka mno, ikabidi nijikohoze kuficha furaha. Nitamwandikia kitu kikavu mpaka ukumbi mzima uone aibu! Wanafunzi wangu nawaambia kila siku: sentensi isiyo na pambo ni kitanda kisicho na godoro. Basi Matairi atalala juu ya mbao. Hakuna tamathali. Hakuna neno zito. Maneno ya mtoto wa darasa la pili. Nimemaliza kabla chai haijapoa:

"Alikuwa na miaka sita. Mvua ilinyesha. Baba yake alimbeba mabegani mpaka shuleni. Njia nzima alimshika baba masikio. Walipofika hakutaka kushuka. Baba yake naye hakutaka kumshusha. Leo ameshuka. Baba yake bado yuko pale mlangoni."

Takataka! Mwanafunzi akiniletea hii namrudishia. Nilipoisoma tena macho yakaanza kuwasha. Vumbi la chaki.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempelekea. Akaisoma amesimama. Akaenda nyuma ya duka, kwenye matairi makuukuu, akakaa huko kitambo. Aliporudi uso umelowa. Kumbe hata yeye ameona ilivyo mbaya! Nikamhurumia, kidogo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, yenye grisi. Nikamwonya asibadilishe hata nukta.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeonana na mshereheshaji, kijana wa viatu vinavyong'aa. Tumekubaliana: Matairi akimaliza, ukumbi ukazizima kwa fedheha, aniite mimi niiokoe sherehe. Akauliza nitachukua muda gani. Nikamjibu sanaa haipimwi kwa saa. Akameza mate.

Nimejaribu koti na kurasa zangu kumi na saba kwenye mfuko wa ndani. Mke wangu kaniuliza kama moyo umevimba.

Jumamosi, 9 Machi

Matairi alisimama. Akasoma taratibu, bila kichekesho hata kimoja. Akamaliza. Kimya! Kimya kizito, kilekile nilichokipanga! Nikainuka na kurasa zangu.

Ndipo nikasikia kwikwi. Shangazi analia. Wakwe zetu wapya wanalia. Wapishi wamesimama mlangoni, wanalia. Mshereheshaji, naye akijifuta pua, akaniita kama tulivyoagana.

Nikaanza. Enyi hadhira adhimu, mliojumuika katika siku hii iliyotukuka, chini ya mwanga wa taa hizi zilizonawiri... Sikuwa nimefika hata kwenye kitenzi. Binti yangu akainuka na gauni lake lote, akaja mbele, akanishika masikio yote mawili mbele ya wageni. Akaninong'oneza:

"Baba, siku ile ya mvua mjomba hakuwepo."

Sikuendelea. Taa za ukumbi ule ni kali mno, zinaumiza macho, nitamwambia mwenye ukumbi. Watu wakadhani nimemaliza, wakapiga makofi mpaka glasi zikalia. Wanashangilia sentensi isiyo na kitenzi! Hiyo ni dharau.

Binti hakuniachia haraka. Hilo naliandika kwa sababu lilitokea.

Jumapili, 10 Machi

Matairi anapigiwa simu na ukoo mzima. Anawaambia ukweli, kwamba aliyeandika ni mimi. Hawaamini! Shangazi kasema Mwalimu kwa maneno machache vile asingemaliza hata kupiga hodi.

Mke wangu anaamini. Alinimiminia chai, akakaa karibu yangu kuliko kawaida, akaniomba niwe naandika vile siku zote. Nikamweleza kwamba ile ilikuwa hujuma, si maandishi. Akacheka mpaka akashika mbavu. Sijaona cha kuchekesha.

Nimelitafakari jambo zima kwa utulivu, kama mtaalamu. Kosa limeonekana. Kurasa kumi na saba zilikuwa chache. Watu hawakupewa nafasi ya kuzama. Mkuu wa chuo anastaafu mwezi ujao, na nasikia aliyeteuliwa kumuaga ni mhasibu. Mhasibu! Watanijua vizuri safari hii. Nimekwishaanza kuandika. Niko ukurasa wa ishirini na mbili, na bado nasalimia wageni.