Kupita Nje ya Koili

Jumatatu, 10 Julai 1995

Baridi. Upepo. Mimi bado mwoga.

Masista wa Mazwi, hapa mjini, wanatafuta mwalimu wa fizikia wa muda katika shule yao mpya ya wasichana. Nafasi ni moja. Mtu anatakiwa aende ofisini kwa Sista Otilia, mkuu wa shule, apige hodi, aseme anaitwa nani. Apige hodi! Baba amesema nisipopata kazi hadi Jumatatu ijayo, nakwenda kijijini Mwimbi kwa shangazi Monika kupura ulezi. Amesema hakunisomesha hadi kidato cha sita ili nishinde nikihesabu mabati ya paa lake.

Nimefika mlangoni. Nimesoma kibao mara nne. Nimerudi nyumbani.

Jumanne, 11 Julai

Nimepata mpango! Umo katika kitabu alichoniachia Mwalimu Vitus nilipomaliza shule. Kuna koili ndefu, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, nguvu yote ya sumaku imefungiwa ndani. Nje hakuna kitu, dira haishtuki. Elektroni zinapita nje, upande wa kushoto na wa kulia, zinakutana mbele. Sumaku hazikuigusa popote. Lakini zikikutana, zimebadilika! Mistari zinayochora kwenye kioo imehama. Kumbe kuna kitu kinaitwa potenshali. Kinaizunguka koili kimyakimya, na elektroni inakijua.

Kwa hiyo kuingia si lazima! Ofisi ni koili. Sista yumo ndani. Mimi ni elektroni.

Nimepita upande wa kushoto mara tatu. Hakuna kilichotokea.

Alhamisi, 13 Julai

Nimegundua kosa. Njia moja haitoshi. Lazima pande zote mbili zipitwe ndipo tofauti ionekane. Nimemwomba Albina, aliyenakili madaftari yangu miaka miwili mizima, apite kulia nami kushoto, tukutane nyuma kwenye tangi la maji. Amecheka. Ameniuliza kwani nikiingia nitaliwa? Nimemweleza kwamba kuingia kunaharibu jaribio.

Nimefika tangini. Nimesubiri. Albina hakutokea. Nilisahau kwamba mlango uko upande wa kulia! Amepiga goti, amepiga makofi, amemsalimia Sista kama binti aliyelelewa. Amekaribishwa chai.

Ijumaa, 14 Julai

Natamani ardhi inimeze. Sista amekuja nyumbani mwenyewe, kwa baiskeli. Amemuuliza baba: Kasimiri, huyu binti yako ana nini? Siku ya tatu sasa anapita uani kwangu bila salamu, kichwa chini, kama mbuzi aliyetoka kula mboga za watu.

Baba akashika kichwa. Kumpita mtu mzima bila goti wala shikamoo, katika Ufipa hii! Akaniuliza nani alinifundisha hayo. Nikasema elektroni.

Halafu sijui nilipatwa na nini. Nikaeleza yote. Ndoo katikati ya ua, ndiyo koili. Punje za mahindi kushoto, punje kulia. Mistari nikaichora vumbini kwa kidole. Niliitazama ndoo tu. Nilipomaliza nikainua macho. Sista alikuwa amechuchumaa karibu yangu. Akasema amefundisha dini miaka ishirini na hajawahi kueleza vizuri namna hii kitu kisichoonekana. Kisha akauliza: lakini mwanangu, si anayebadilika ni yule anayepita? Koili yenyewe inabaki ilivyo?

Swali zuri. Sikuwa nimelifikiria.

Amenipa kipindi kimoja cha majaribio. Jumatatu, saa mbili asubuhi, kidato cha tatu. Niingie, nisalimie, nieleze ile ya ndoo. Hayo tu. Baba amefuta macho, akasingizia vumbi.

Jumatatu, 17 Julai

Nilifika mapema na ndoo yangu. Mlango wazi. Wasichana arobaini. Nikaona ni salama zaidi nianze na mzunguko mmoja wa nje. Kisha wa pili, kwa uhakika. Katika wa tatu mmoja akachungulia dirishani: dada, hayo maji unampelekea nani? Darasa zima likaangua kicheko. Nikaongeza mwendo. Katika wa ishirini kengele ya mwisho wa kipindi ikalia.

Sista alikuwa amesimama mlangoni. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Alisema pole, mwanangu. Kisha akamwita Albina, aliyekuwa amepita kusalimia tu. Albina anaanza kesho. Ameniomba na ndoo. Nimempa.

Baba ametimiza neno lake. Amefunga mzigo wangu kwa kamba. Lori la Mwimbi linaondoka kesho asubuhi.

Nimefikiri sana. Nadharia haina kosa. Vichwa arobaini viligeuka, na mlango sikuugusa! Tatizo ni lile darasa. Limeungana na stoo, mzunguko ukawa mrefu mno. Shangazi Monika ni mkali, kumwomba ruhusa ya kurudi mjini sitaweza. Lakini nyumba yake naikumbuka vizuri. Imesimama peke yake katikati ya shamba. Inazungukika pande zote.