Jinsi Fundi Cherehani Alivyoilinda Meza ya Gramafoni

Sogeeni, waungwana, na mwenye kikohozi akikohoe kabisa sasa, kwani ninaleta habari za Fundi Cherehani, simba wa mapindo, bingwa wa suruali, siku alipoilinda meza ya sebuleni isitwaliwe na televisheni.

Televisheni hiyo, zawadi ya shemeji yake, ilikuwa imekwisha kupiga kambi mlangoni ndani ya boksi. Juu ya meza ilitawala gramafoni aliyoachiwa na marehemu babake, pamoja na santuri ya jazi. Fundi aliapa kwamba kabla ya sauti ya kwanza mpiga saksafoni husikika akivuta pumzi, na kwamba hapo ndipo babake alipokuwa akiinua kidole.

Mkewe, malkia asiyetishika, akasimama akanena: "Baba watoto, miaka yote hii mimi nasikia mafuta yakichemka kikaangoni tu. Leo nikiisikia hiyo pumzi, meza ni yako. Nisipoisikia, gramafoni inahamia stoo."

"Nimekubali," akajibu shujaa. "Na utaisikia, maana nimejiandaa."

Kweli alikuwa amejiandaa. Asubuhi, kama aifanyiavyo cherehani yake, aliitia gramafoni mafuta kila mahali, na sindano akaipa tone la ziada. Sasa akaishusha sindano hiyo juu ya santuri kwa heshima zote. Saksafoni ikatoka na sauti ya mtu mwenye mafua aliyejifunika blanketi. Fundi aliona uchungu, kana kwamba babake mwenyewe ndiye anayepelekwa stoo.

Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akimtungia Fundi uzi sindanoni tangu macho ya mumewe yapungue nguvu, akainama. "Mbona sindano ina ndevu?" Vumbi lote la santuri lilikuwa limenasa kwenye mafuta. "Umeitia mafuta? Hii haishoni, baba watoto."

Fundi alichomoa kipande cha pamba, akakausha mafuta. Kisha akatwaa brashi yake ya kufagilia nyuzi, silaha iliyoshinda makoti mengi, akanyoa zile ndevu. Akaishusha sindano tena.

Kikaango kikachemka kidogo, kikanyamaza. Mtu aliyekufa zamani akavuta pumzi pale pale sebuleni, na saksafoni ikafunguka, nzito, yenye joto, hadi kukwaruza kwake kukasikika.

Fundi akageuka. Mkewe alikuwa ameinua kidole, wala hana habari.

"Rudisha mwanzo," akasema.

Basi vizazi vijavyo viambiwe: meza haikutekwa. Televisheni iliwekwa sakafuni, na mpaka leo nyumba ile hutazama taarifa ya habari imeinamisha shingo.