Jina la Mama Mukwe kwenye Dirisha la Kofia

Jamani, leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa suti. Mbele ya kanisa. Mbele ya kwaya. Mbele ya mama mukwe! Naandika hapa nyuma ya jiko la sherehe, natafuta chumvi. (Mutaelewa mbele.)

Munajua kazi yangu. Nashona viti vya moto, yaani pikipiki, na turubai za malori hapa Mulongwe, Uvira. Ni kazi ya heshima, lakini si machoni pa Mama Rehema, mama wa mke wangu Rehema. Miaka saba nimemuoa binti yake, hajawahi kuniita "mwanangu". Wakwe wengine wote ni "mwanangu", hata ule anayelewa na kulala kwenye mutaro. Na mimi, minye? "Rehema, ule wako wa viraka iko?" Basi. Hilo ndilo jina langu.

Sasa leo Espe, mudogo wa Rehema, alikuwa anaolewa, na gari la maharusi lilikuwa Kofia. Kofia ni gari jekundu la Bosi Mateso, lenye paa la turubai linalofunguka lote, kama muntu anavyovua kofia akiingia kanisani. Uvira nzima sijaona la pili. Shida ilikuwa dirisha la nyuma. Ni la plastiki, na lilikuwa limepasuka-pasuka kama kisigino cha kiangazi. Kwenye kikao cha familia watu wakasema litafutwe gari lingine. Minye nikasimama (nani alinituma?) nikasema, "Mutulie. Hilo dirisha nitalibadilisha mwenyewe."

Mama mukwe akaniangalia usoni. Tangu nioe, mara ya kwanza!

"Tutaona," akasema.

Nilikuwa natafuta neno moja tu, jamani. Mwanangu. Herufi nane. Mtu anaweza kuzisema hata akitafuna.

Nikaagiza plastiki nzuri Bujumbura, ikavuka mpaka salama. Jana mchana nikafungua zipu ya Kofia, nikatoa kipande chote cha nyuma, nikafumua uzi, nikalaza plastiki ya zamani juu ya mpya, nikakata sawasawa kabisa. Nikashona. Nikajisifu. Leo saa kumi na mbili asubuhi nikaenda kukirudisha mahali pake. Zipu haifungi! Imebaki vidole vinne. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua: plastiki ikikaa juani miaka mingi inajikaza, inakuwa fupi. Nilikuwa nimepima ule ufupi kwa uangalifu mkubwa.

Misa ni saa nne. Plastiki nyingine iko Bujumbura.

Nikarudi nyumbani kichwa kinawaka. Rehema alikuwa ameshaenda kumuvalisha mudogo wake. Na pale juu ya meza, imekunjwa vizuri, nikaona plastiki. Nene! Safi! Unaona ng'ambo! Ilikuwa ya mama mukwe, ile inayotandikwa juu ya kitambaa cheupe cha meza ya maharusi ili muchuzi usichafue. Alikuwa amemuazima Rehema kwa sherehe ya leo.

Nikaambia roho yangu: hii ni kubwa kama uwanja, nikitoa kipande nani ataona?

Tatizo lilikuwa jina. Munawajua mama zetu: chombo kikienda sherehe lazima kiandikwe kwa rangi ya kucha, la sivyo hakirudi. Sufuria, beseni, hata kijiko. Wengine wanaandika pembeni. Mama mukwe anaandika katikati, herufi za shibiri nzima, kwa sababu anasema, "Pembe, mwizi anaikata." MAMA REHEMA. Nyekundu. Niligeuza huku, niligeuza kule, kila nikipima jina linaingia ndani ya dirisha.

Nikachukua wembe. Nikakwangua herufi moja moja. Rangi ikatoka yote, lakini ikabaki mikwaruzo. Nikaona chupa ya mafuta ya kujipaka ya binti yetu Neema. Nikapaka kidogo. Mikwaruzo ikapotea! Plastiki ikang'aa kama mpya. Nikajipigia makofi peke yangu chumbani. Nikakata kipande, nikakishona, iliyobaki nikaikunja kama ilivyokuwa.

Saa tatu Kofia imesimama mbele ya nyumba ya bibi harusi, Rugenge, zipu imefungwa hadi mwisho. Bosi Mateso akanipiga bega. Espe akaingia na shela lake, paa likabaki limefungwa vumbi lisiguse nywele. Minye nikaanza kutafuta moto ya kunipeleka kanisani, lakini shemeji akanisukuma ndani ya gari la pili, kando ya shoferi. Nikageuka kusalimia. Mama mukwe iko nyuma yangu!

Kwetu mukwe na mama mukwe hawabanani hivyo, ni heshima. Nikakaza shingo, nikaangalia mbele. Na mbele yangu kulikuwa na nini? Dirisha langu.

"Shoferi," nikasikia mama mukwe, "dirisha lile si ndilo alilotengeneza huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe iko na mukono wa kazi."

Jamani! Nilikaribia kulia. Nikasema moyoni, tukifika kanisani neno langu linatoka.

Honi, vigelegele, tukaondoka. Vumbi likapanda. Na katikati ya dirisha nikaona mustari mwembamba. Halafu mwingine. Halafu M.

Mafuta! Mafuta yanashika vumbi! Nilikuwa nimeyafuta kila mahali, lakini ndani ya mikwaruzo yalibaki, na sasa vumbi lote la Rugenge linakuja kukaa humo humo.

"Shoferi," nikanong'ona, "pita mbele."

"Nimupite bibi harusi? Weye uko muzima?"

"Basi baki nyuma. Nyuma sana."

"Mama aliniambia nishikamane naye."

A. Halafu M nyingine. Tulipovuka daraja jina lote lilikuwa limetoka, rangi ya udongo, na kusema kweli wembe wangu ulikuwa umelichonga vizuri kuliko alivyoliandika mwenyewe. Nyuma yangu nikasikia mkoba unafunguliwa. Miwani.

"Ma... ma," akasoma taratibu. "Mama Re..."

Nikamuomba Mungu tairi lipasuke. Mungu alikuwa amekwenda harusini.

"Shoferi, soma na weye. Macho yangu yamezeeka."

"Mama Rehema!" akasoma ule shoferi, kwa sauti ya muntu anayetangaza matokeo ya mutihani.

Nikasikia miwani inarudi mkobani, mkoba unafungwa. Nilitamani anitukane.

Kwaya ilikuwa inasubiri nje. Watoto wakakimbilia nyuma ya Kofia, wakasoma kwa pamoja kama darasani: "MA-MA RE-HE-MA!" Mpiga video akasogea karibu, muntu asiye na huruma. Bosi Mateso akatoka kwenye usukani.

"Mama Rehema ni nani ndani ya gari langu?"

Mama mukwe akashuka. Akakaza kitenge. Akatembea polepole hadi dirishani, akapitisha kidole juu ya M, akakinusa.

"Mafuta ya Neema," akasema.

Rehema, mke wangu, akafunika uso kwa mikono miwili. Mama mukwe akanigeukia.

"Mwanangu."

Miaka saba, jamani! Imekuja!

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, mwizi anakata pembe. Weye umekata katikati."

Kwaya nzima ikaanguka kicheko. Padri alikuwa mlangoni, akageukia ukuta, lakini mabega yake niliyaona. Espe alicheka ndani ya gari mpaka shela likateleza. Nilitamani ardhi ipasuke, nayo ilikataa.

Hajamaliza! Akaingiza mukono kwenye mkoba, akatoa chupa ya rangi ya kucha. (Anatembea nayo kila sherehe, kama fundi na koleo.) Akapangusa vumbi kwa ncha ya kitenge, akaandika upya, akifuata njia za wembe wangu, herufi kwa herufi. Maharusi wanangoja. Padri anangoja.

"Sasa hata liende harusi ya mbali kule Runingu," akasema, "watajua ni la nani."

Bosi Mateso akafungua mudomo akatae. Akamuangalia mama. Akaufunga.

Munadhani yameisha? Kwenye sherehe plastiki ilitandikwa vile vile juu ya kitambaa cheupe cha maharusi, na shimo lake kubwa kama mlango. Na sahani yangu mama mukwe aliiweka mwenyewe, katikati ya shimo.

"Mwanangu, kaa hapa. Muchuzi ukimwagika utafua weye."

Nilikula kwa vidole viwili kama mugonjwa. Tone moja tu la mawese limedondoka. Moja! Wanasema chumvi inatoa doa, ndiyo maana niko huku jikoni.

Sasa hivi ananiita tena, nasikia sauti yake ukumbini: "Mwanangu! Mwanangu iko wapi?" Leo ameniita hivyo mara tisa, nilikuwa mjinga kulitamani hilo neno. Nawaomba musicheke. Na kama kuna muntu iko na sufuria ya Mama Rehema nyumbani kwake, airudishe leo, na jina lake likiwa juu.